Nilikaa mita mbili kutoka kwa mpiga dramu: usiku wa jazi ya watu wanne hapa Kampala

#1 Fundi Mitambo (Kireka)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mtanivumilia.

Kazi yangu ni mitambo ya muziki. Mwaka wa 17 huu nafunga spika na kukaa nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti: harusi, mikutano ya injili, kampeni za uchaguzi, matamasha ya viwanjani Lugogo. Mwimbaji akififia nampandisha, mpiga dramu akizidi namshusha, na uwanja mzima unasikia kile nilichoamua mimi. Ijumaa iliyopita nilikaa mahali ambapo kazi hiyo yote ilifanywa na wapigaji wenyewe, kwa mikono yao, na tangu siku hiyo sijatulia.

Aliyenialika ni mpiga besi mmoja ambaye nimeshamtengenezea ampu yake mara mbili. Akaniambia, "Fundi, njoo usikilize tu. Begi la waya liache nyumbani." Ni chumba cha juu cha mgahawa upande wa Bugolobi, ukubwa wake kama darasa la shule ya msingi. Viti vya mbao kama sitini, vimepangwa nusu duara. Jukwaa hakuna, ni zulia tu sakafuni. Kiingilio elfu 40. Juu ya zulia kulikuwa na piano, besi ya mbao ile kubwa inayopigwa mtu amesimama, dramu chache (ngoma ya mguu, sneya, tomu mbili na matoazi) na kijana mmoja mwenye saksafoni ya tena. Wanne, basi. Nikaangaza macho nione mikisa imekaa wapi. Haikuwepo. Kulikuwa na maiki moja ya kusemea na watu, na ile ampu ya besi niliyoitengeneza mimi, imefunguliwa kidogo kabisa kama redio ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nikasimama nyuma, katikati, kwa sababu ndipo fundi mitambo anaposimama siku zote. Nitasema ukweli: nusu ya kwanza haikunifurahisha. Matoazi yalinifikia kabla ya kila kitu, saksafoni ikafuata, piano ilikuwa mbali, na besi nilikuwa naisikia kama mtu anayetembea ghorofa ya juu. Vidole vyangu vilitafuta slaidi za kusukuma. Nyuma yangu karibu na kaunta kulikuwa na meza ya watu watano wakizungumzia viwanja vya Kira tangu wimbo wa kwanza hadi mapumziko, na mashine ya kusaga juisi ikiwashwa kila mara.

Wakati wa mapumziko mama mmoja mtu mzima, amevaa gomesi ya kijani, aligeuka akaniona. "Mwanangu, mbona umesimama kama askari wa lindo? Njoo, huku mbele kiti kipo." Kiti chenyewe kilikuwa mita mbili tu kutoka kwa mpiga dramu. Kwa ninavyozijua dramu, nilijua masikio yangu yatakufa. Lakini mama ameita, unakataaje? Nikaenda.

Wakaanza na bluzi ya mwendo wa haraka. Kwa asiyejua, bluzi ya kawaida ina mzunguko wa vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Ukiisha unarudi mwanzo, na kila mpigaji anapewa mizunguko yake ya kusema anachotaka juu ya njia ileile. Saksafoni ikasema ya kwake. Ilipofika zamu ya piano, yule kijana hakubaki pale katikati. Alirudi nyuma hatua mbili hadi ukutani, akatazama chini. Sekunde hiyohiyo mpiga dramu alihama toazi: akaacha lile linalong'aa, akaenda kwenye jingine lenye sauti nzito na butu. Piano ikatoka mbele kama vile kuna mtu ameisukuma. Hakuna aliyeisukuma.

Kisha besi ikachukua zamu, na hapa nataka nikae kidogo.

Kwenye kazi yangu, besi na piano hugombana. Mkono wa kushoto wa mpiga piano unafanya kazi katika zile sauti za chini ambazo besi pia inazihitaji, na vikipigwa pamoja kwa nguvu unapata uji. Dawa yangu ni ikwalaiza: naikata piano sauti za chini, besi inapata nafasi. Usiku ule niliangalia mpiga piano anafanya nini besi ilipoanza. Aliuondoa mkono wake wa kushoto kwenye vitufe, akauweka juu ya goti. Ukakaa pale. Mkono wa kulia ukawa unadondosha noti mbili tatu juu kabisa, halafu unanyamaza. Mpiga dramu akaweka vijiti chini, akachukua vile vijifagio vya waya, akapapasa sneya kama mtu anayefuta vumbi, na baada ya mzunguko mmoja akaviacha navyo, akabaki na matoazi ya mguu peke yake, chik, chik. Besi ya mbao, ampu iko chini, na mimi nasikia kidole kikiuacha uzi. Nasikia ule mti wenyewe ukivuma. Nimezipima besi miaka yote hii kwa macho, kwa taa za kijani na nyekundu kwenye mikisa. Ile niliisikia kifuani.

Wimbo wa polepole uliofuata sina la kusema sana. Saksafoni ikipigwa taratibu, ukiwa karibu, unasikia pumzi ikiingia kabla ya sauti, na vifuniko vya ala vikipiga makofi madogo vinapofunga matundu. Vitu hivyo mimi hulipwa nivifute.

Sasa swali langu. Ile meza ya viwanja vya Kira haikunyamaza hata besi ilipobaki peke yake. Iliniuma sana. Je, sisi huku tunajua kukaa tukasikiliza muziki, au muziki kwetu ni wa kufunika mazungumzo?

#2 Kijana wa Katwe

Mkuu umeandika vizuri, lakini mimi nina neno. Elfu 40 kwa watu wanne na hakuna kucheza? Muziki ukipigwa mwili unaitika. Kukaa kwenye kiti saa mbili umefunga mikono kama uko mahakamani, hiyo sisi hatukuzaliwa nayo. Baba yangu alipenda jazz pia, lakini ile ya Franco wa Kongo, na haikukalika.

#3 Mwalimu wa Tororo

Kijana wa Katwe, hapo jina limetuchanganya, na halikuanza kutuchanganya leo. Afrika Mashariki na Kongo neno jazz lilikuja kama jina la bendi kabla hatujaujua vizuri muziki wenyewe wa Wamarekani weusi. Dar es Salaam Jazz Band ni ya miaka ya 1930. Morogoro Jazz ni ya miaka ya 1940, na ndiyo baadaye ilimpa nafasi mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. Kulikuwa na Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz. Na OK Jazz ya Franco ilianza mwaka 1956 kule Léopoldville, Kinshasa ya leo. Karibu zote zilipiga rumba na dansi. Mtu akisema "jazz" alimaanisha bendi ya kisasa: magitaa, dramu, tarumbeta, watu wamevaa suti.

Kwa hiyo baba yako alikuwa sahihi, na Fundi naye yuko sahihi. Ni vitu viwili vyenye jina moja. Ingawa sikiliza vizuri safu ya saksafoni kwenye rumba ya zamani utaona kuna undugu.

Na hapa nyumbani tusisahau: Afrigo Band iko tangu 1975, na mzee Moses Matovu amekuwa akipuliza saksafoni humo miaka yote. Masikio yetu ya saksafoni si mageni.

#4 Mzee wa Tarumbeta (Jinja)

Vijana, mimi nimestaafu. Nilipuliza tarumbeta kwenye bendi ya brasi miaka 22, gwaride na sherehe za taifa, kusoma noti nilifundishwa na sajenti mkali kuliko jua la Karamoja. Naomba nichangie hili la kucheza.

Jazi ilikuwa muziki wa kucheza. Miaka ya 1930 bendi kubwa za Marekani zilikuwa na watu 15 na zaidi, na kumbi zilijaa wachezaji. Mambo mengi yaliwapunguza. Vita viliwachukua wanamuziki jeshini. Halafu mwaka 1944 serikali ya Marekani ikaweka kodi ya asilimia 30 kwa kumbi za starehe zenye kucheza au kuimba, ikaishusha hadi asilimia 20 mwaka huohuo. Mwenye ukumbi mdogo angefanyaje? Akaondoa uwanja wa kucheza, akaweka meza, akaajiri watu wanne au watano wapige vyombo bila mwimbaji. Wakati huohuo kina Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuwa wanapika muziki mpya wa kasi, wenye kona nyingi, na ukitaka kuufuata ilibidi ukae uutegee sikio. Kwa hiyo kile kiti cha Fundi kina historia, na kodi imo ndani yake.

Kijana wa Katwe, sikukatazi kucheza. Nakueleza tu kiti kilitoka wapi.

#5 Kijana wa Katwe

Shikamoo mzee. Hilo la kodi sikuwahi kulisikia popote. Nimenyamaza kwa leo.

#6 Mzee wa Tarumbeta (Jinja)

Marahaba mwanangu. Usinyamaze, endelea kuuliza.

#7 Mpiga Amadinda

Fundi, ule mkono juu ya goti umenigusa, kwa sababu kwetu Buganda jambo hilo lina majina.

Amadinda, ala yetu ya mbao za kugongwa kwa vijiti, ina mbao 12, tunaipiga watu watatu. Wawili wanakaa wakitazamana, mbao zile zile katikati yao. Wa kwanza anaanza mfululizo wake, hiyo tunaita okunaga. Wa pili anaingiza noti zake katikati ya noti za mwenzake, hiyo ni okwawula. Hawapigi pamoja hata mara moja: kila noti ya huyu inaangukia kwenye nafasi aliyoiacha yule. Wa tatu ana mbao mbili tu za juu kabisa, anafanya okukoonera: anazitega zile noti mbili za chini kabisa kila zinapopita ndani ya mchanganyiko, naye anazirudia kule juu.

Sasa jambo ambalo mgeni huwa haliamini. Ukikaa karibu, unasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wetu anayezipiga. Zinazaliwa katikati, sikio lako ndilo linaloziunganisha. Ukikaa mbali kwenye ukumbi mkubwa wenye mwangwi, noti zinagandana na zile nyimbo zinakufa. Mwalimu wangu alikuwa hapendi kabisa tupige kwenye jukwaa la uwanjani. Alisema amadinda ni ya migomba na watu waliokaa chini.

Kwa hiyo mtu akisema kusikiliza kwa makini kundi dogo ni desturi ya kigeni, mimi ananiumiza. Kabaka, mfalme wetu, alikuwa na wapiga entenga ikuluni, ngoma 15, 12 kati yake zimewekewa sauti tofauti, watu sita wakizipiga kwa vijiti vyembamba. Ilikuwa ngoma ya kusikilizwa. Mwaka 1966 Lubiri, ikulu ya Kabaka, iliposhambuliwa, ala nyingi za ikulu ziliteketea na wapigaji wakatawanyika. Tulichopoteza siku ile ni pamoja na desturi ya kukaa kimya mbele ya ngoma.

#8 Fundi Mitambo (Kireka)

Mpiga Amadinda, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Umeniambia kitu nilichokiona nikakosa maneno. Piano na besi zilikuwa zinafanya okwawula. Kuna mahali pia saksafoni na dramu walipokezana vipimo vinne vinne, huyu anauliza yule anajibu, na nikawa nasikia wimbo unaopita katikati yao ambao si wa yeyote kati yao. Nilidhani ni uchovu wangu wa siku nzima.

Ningelipa elfu 40 nyingine kukuona wewe na wenzako mkikaa na wale wanne kwenye zulia lile. Kuhusu kutoshea kwa sauti: piano imefungwa kwa mfumo wake na mbao zenu zina wa kwenu, kwa hiyo mtagongana mahali. Lakini besi ya mbao haina vituo shingoni, kidole kinaweza kuteleza hadi pale mbao zenu zilipo. Besi ndiyo ingekuwa daraja. Nalisema hili kama fundi, nimelifikiria usiku kucha.

#9 Mtanga wa Makerere

Wakuu, mimi ni mwanafunzi, nimetoka Tanga, huu ni mwaka wangu wa pili hapa. Nimevutiwa lakini naogopa kwenda nikaonekana mshamba. Unapiga makofi wakati gani? Unakaa wapi? Na mtu asiye na elfu 40 afanyeje?

#10 Fundi Mitambo (Kireka)

Mdogo wangu, karibu. Makofi yanapigwa mpigaji anapomaliza zamu yake, hata kama wimbo unaendelea. Utajua amemaliza kwa sababu atarudi nyuma, au atamtazama mwenzake. Usipopiga hakuna atakayekutazama vibaya. Wimbo wa polepole wengi husubiri hadi mwisho.

Kukaa: mbele, upande ambao utaona mikono ya mpiga piano na uso wa mpiga dramu kwa pamoja. Ishara zao zote zinapita hapo. Mpiga dramu akiinua kidevu, wote wanarudi kwenye wimbo wa mwanzo, na ukishaiona ishara hiyo mara moja utajiona kama umeambiwa siri.

Pesa: tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Jazi, UNESCO waliitangaza mwaka 2011. Siku za karibu na hapo fungua macho na masikio mjini. Vilevile waulize wanamuziki wenyewe siku za mazoezi. Mimi nimesikia muziki mzuri kuliko matamasha nikiwa nimekaa juu ya kasha la spika, watu wanafanya mazoezi mchana. Ukija na heshima hawakufukuzi.

#11 Mama wa Ntinda

Fundi, nimekufuata vizuri lakini kwenye hili la ukimya hatukubaliani. Nimekulia kwa bibi yangu. Mpiga ala akipiga kizuri unamjibu. Unapiga kigelegele, unamwita kwa jina, unamtuza. Mkikaa kimya kama mawe yeye atajuaje amewafikia? Nimewahi kuhudhuria tamasha la aina hiyo, watu wamekaza shingo, mtu akikohoa anatazamwa. Sikurudi. Usituletee hilo.

#12 Mzee wa Tarumbeta (Jinja)

Mama wa Ntinda ana haki yake, na wenye jazi yao wangemuunga mkono. Mpigaji akipiga neno zuri watu wanaguna, wanaitika, kama kanisani kwao.

Niwape mfano. Pale New York kuna ukumbi uitwao Village Vanguard, upo tangu 1935, uko chini ya ardhi na hauchukui watu zaidi ya 123. Tarehe 25 Juni 1961, siku ya Jumapili, Bill Evans alipiga piano pale, Scott LaFaro besi, Paul Motian dramu, na mitambo ikarekodi mchana hadi usiku. Rekodi hizo zipo hadi leo, wengi wanazihesabu miongoni mwa bora kabisa za piano na wenzake wawili. Zisikilize kwa makini: glasi zinagongana, watu wanaongea, mtu anacheka. LaFaro alikufa kwa ajali ya gari tarehe 6 Julai mwaka huohuo, umri miaka 25. Kila ninapozisikiliza namfikiria yule aliyekuwa anacheka meza ya nyuma, siku 11 kabla, na besi ile inasema yale iliyokuwa inasema.

Sijui kama namlaumu. Alikuwa na kiti, na alikuwa na mazungumzo yake.

#13 Fundi Mitambo (Kireka)

Mama, umenirekebisha na nimekubali. Yule mama wa gomesi ya kijani hakukaa kimya hata kidogo! Kila mpiga besi alipopata kona nzuri alikuwa anasema "eeh, eeh" taratibu, na mpiga besi alikuwa anamjibu kwa uzi. Kilichoniuma kwenye ile meza si sauti yao. Ni kwamba walikuwa wameupa muziki mgongo.

Niongeze hili kabla sijalala. Jana Jumamosi nilikuwa na harusi Mukono, ukumbi wa watu 150, bendi ya watu watano. Kila siku kwenye ukumbi ule naweka maiki saba kwenye dramu. Jana niliweka moja tu kwenye ngoma ya mguu, nikamwomba mpiga dramu asogee karibu na mpiga kinanda hadi viwiko vyao vikaribie kugusana. Monita, zile spika za wapigaji kujisikia wenyewe, nikazishusha nusu. Mpiga kinanda akaniuliza kama kuna spika imeungua. Nikamwambia hapana, msikilize mwenzako. Wimbo wa kwanza walihangaika. Wa pili nao. Kwenye wa tatu, maharusi wanaingia, nikamwona anautoa mkono wa kushoto kwenye kinanda, besi ikapita.

Niliacha slaidi, nikasogea mbele nikasimama karibu nao.